Njia ya Bagamoyo Inapita Nyumbani Kwetu



Siku mbili kabla ya safari ya Bagamoyo nilipita kumuaga Bibi. Anaishi kijijini, upande wa Itigi, na umri wake umeshapita miaka 85. Nilimkuta uani akipepeta mtama.

“Shikamoo, Bibi.”

“Marahaba, mume wangu uliyeniacha ukaoa Kanisa.”

Ndivyo anavyonitania tangu nilipoingia seminari. Nikamweleza kwamba tunakwenda hija, mafrateri 12 pamoja na mlezi wetu, kuona mahali ambapo wamisionari walijenga makao yao ya kwanza upande huu wa bara. Ungo ukatulia mikononi mwake. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, “Ukifika huko, niulizie bibi yangu. Hao mapadre walikuwa wanaandika. Angalia kama waliandika jina lake.”

Nilikuwa nimeisikia habari hiyo vipande vipande tangu utoto, lakini siku hiyo aliisimulia yote. Bibi wa bibi yangu hakuzaliwa kwetu. Alikuja na msafara akiwa mtoto wa miaka saba au minane, akitokea magharibi, mbali kuliko Tabora. Miguu ilimvimba, akashindwa kutembea, na msafara ukamwacha porini. Mrina asali mmoja wa Kikimbu alimkuta chini ya mti akiwa hai, akambeba hadi kwake. Akakua, akaolewa, akazaa. Mwanawe, yaani mama yake Bibi, naye aliponea chupuchupu akiwa mtoto katika ile njaa kubwa ya wakati wa vita ya Wajerumani na Waingereza. Ndiyo maana mimi nipo.

Katika familia yetu jambo hili halisemwi hadharani, na sababu naijua. Nilipokuwa darasa la sita, katika kikao cha mahari ya shangazi yangu mmoja, maneno yalipochacha mzee wa upande wa pili alisema, “Hata hivyo, ninyi wenyewe si watu wa kuokotwa?” Bibi aliinuka, akajifunga kanga vizuri, akatoka nje bila neno. Mahari ilikuja kukubaliwa, lakini kwa miaka mingi hakuna mtu aliyethubutu kumuuliza Bibi sisi ni watu wa wapi.

Basi nilisafiri na swali hilo. Tulipanda basi hadi Dodoma, na kutoka Dodoma tukachukua treni mpya ya umeme. Baada ya muda kama wa saa nne tulikuwa Dar es Salaam, na kutoka hapo Bagamoyo ni mwendo wa basi tu. Dirishani nilikuwa nahesabu: njia hii ya reli inafuata kwa sehemu kubwa njia ile ile ya misafara. Kutoka Bagamoyo hadi Ujiji ni karibu kilomita 1,200, na misafara iliitembea kwa miezi mitatu, minne, hata sita. Mpagazi alibeba kama frasila mbili, yaani kilo 30 na zaidi, begani au kichwani. Pembe za ndovu zilishuka pwani. Nguo, shanga, nyaya za shaba na bunduki zilipanda bara. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi, watu huru waliofanya kazi ya ujira na kujivunia kazi yao. Katika misafara hiyo hiyo walikuwamo watu waliofungwa.

Sisi wa Singida tumezoea kudhani historia hiyo ni ya pwani. Sivyo. Msafara ukishatoka Ugogo ulipaswa kuvuka nyika kavu ya vichaka kabla ya kuingia Unyamwezi, na nyika hiyo ndiyo sehemu ya wilaya zetu za leo za Manyoni na Itigi. Wasafiri waliiita Mgunda Mkali. Richard Burton aliyepita mwaka 1857 na Henry Stanley aliyepita mwaka 1871 waliliandika jina hilo vitabuni mwao. Maji yalikuwa ya shida, na watu waliongeza mwendo ili kuivuka. Katika mwendo wa namna hiyo, mtoto mwenye miguu iliyovimba hangojwi. Hata neno “hongo”, ambalo leo tunalihubiria mimbarini kama dhambi ya rushwa, linatoka katika njia hiyo: lilikuwa jina la ushuru ambao watemi, hasa wa Ugogo, walitoza misafara ili ipite na ipate maji. Na mwaka 2006, Tanzania ilipoweka njia hiyo ya kati ya biashara ya watumwa na pembe kwenye orodha yake ya awali ya UNESCO, vilitajwa vituo sita: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Kilimatinde ni ya kwetu, kusini mwa Manyoni, pale juu ukingoni mwa Bonde la Ufa. Ni mara ngapi nimepita karibu na Kilimatinde bila kulijua hilo?

Tulifika Bagamoyo mchana. Nilitarajia bandari kubwa yenye gati na winchi. Nikakuta ufukwe mpana, maji ya kina kifupi, majahazi yameegama mchangani maji yakiwa yamekupwa, na wanawake wakinunua samaki. Mwongoza watalii wetu, kijana Mwislamu wa rika langu, alitueleza kwamba huo ufupi wa maji ndio ulioinua Bagamoyo na ndio ulioishusha. Jahazi linaweza kukaa mchangani na kupakuliwa kwa mikono, na Unguja iko ng'ambo tu ya maji. Lakini meli kubwa za moshi zilibidi zitie nanga mbali. Kwa hiyo Wajerumani, waliokuwa wameifanya Bagamoyo makao makuu ya koloni lao, walihamia Dar es Salaam mwaka 1891, penye bandari yenye kina. Reli ya kati nayo ilipoanzia Dar es Salaam, misafara ikaisha, na mji ukabaki na majengo yake: Boma, forodha, nyumba za mawe zenye milango ya kuchongwa.

Alituambia pia habari ya jina la mji. Wengi husema linatokana na “bwaga moyo”, na maneno hayo huelezwa kwa namna mbili. Mpagazi aliyefika pwani alibwaga moyo kwa kuwa mzigo ulikuwa umefika na sasa angepumzika. Mtumwa alibwaga moyo kwa kuwa mbele yake palikuwa bahari na nyuma hakuna kurudi. Wenzangu wakaanza kujadiliana maana ipi ndiyo sahihi. Mimi nilikuwa namfikiria mtoto ambaye hakuwahi kuiona bahari hiyo. Yeye hayumo katika maana ya kwanza wala ya pili.

Kesho yake tulikwenda misheni. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu, waliokuwa wametangulia kufika Unguja, walianza Bagamoyo mwaka 1868 chini ya Padre Antoine Horner, katika ardhi waliyopewa kwa idhini ya Sultani Majid. Tuliuona mbuyu mkubwa na kipande cha mnyororo kilichomezwa na gome lake. Wageni wengi wanapouona hudhani ni mnyororo wa watumwa. Husimuliwa kwamba ulifungwa na Madame Chevalier, mwanamke Mfaransa aliyekuwa akihudumia wagonjwa, ili amfungie punda wake. Tulisali makaburini. Wamisionari wengi waliolala pale walikufa vijana, kwa homa, baada ya muda mfupi tu wa kazi. Nina miaka 25. Mbele ya makaburi ya vijana wenzangu sikuona urahisi wa kuwahukumu.

Hata hivyo hukumu, au tuseme swali, lilikuja. Katika makumbusho kuna habari ya kijiji cha uhuru, ambamo watu waliokombolewa waliishi, wakalima, wakasoma, wakaoana. Mwongozaji wetu, kwa adabu kabisa, akauliza, “Samahani, mafrateri. Hawa waliokombolewa, wengine si walinunuliwa? Na ninyi mlinunua?”

Kimya kilitushika. Kweli ni kwamba ndiyo. Wengine waliletwa na manowari za Waingereza zilizokamata majahazi ya watumwa, lakini wengine, hasa watoto, wamisionari waliwanunua sokoni Unguja, kabla Sultani Barghash hajatia sahihi mkataba wa kulifunga soko hilo mwaka 1873. Nia yao ilikuwa kuwatoa utumwani. Waliwatoa, wakawalisha, wakawafundisha ufundi na sala. Lakini fedha ililipwa, na aliyelipwa alikuwa mwuza watu. Na watoto hao hawakuulizwa wanataka kukaa wapi. Waliishi chini ya kanuni kali, na wapo waliotoroka misheni.

Mlezi wetu hakukwepa. Alisema, “Ndiyo, tulinunua. Kwa anayekombolewa ilikuwa neema, kwa anayeuza ilikuwa faida, na yote mawili yalitokea siku moja mezani pamoja.” Kisha akatukumbusha kwamba Papa Gregori XVI alikwisha kulaani biashara ya watumwa mwaka 1839, na bado baada ya hapo Wakristo wengi waliendelea kumiliki watu. Sisi wanafunzi wa falsafa tulikuwa tumetoka kumsoma Aristotle, ambaye katika kitabu chake cha Siasa anamwita mtumwa chombo chenye uhai. Darasani niliiandika hoja hiyo vizuri, nikaikosoa vizuri, nikapata alama nzuri. Sikuwahi kufikiri kwamba chombo hicho kingeweza kuwa bibi wa bibi yangu.

Tulipanda hadi kwenye mnara wa kanisa la kwanza, ambao leo huitwa Mnara wa Livingstone. Mwili wa David Livingstone ulilazwa hapo usiku mmoja mwezi Februari 1874 kabla ya kuvushwa Unguja na kupelekwa Uingereza. Alikuwa amefia kijijini kwa Chitambo, katika nchi ya Zambia ya leo, Mei 1873. Chuma, Susi na wenzao waliuzika moyo wake pale pale, wakaukausha mwili, wakaubeba zaidi ya kilomita 1,500 hadi pwani, wakati mwingine wakiuficha kama mzigo wa bidhaa ili wenyeji wasiwazuie. Ni uaminifu mkubwa, na nilisimama pale nikiwa na heshima ya kweli. Lakini sikuweza kujizuia kulinganisha. Katika nchi ile ile, miaka ile ile, watu walimbeba maiti ya mzee mmoja kwa karibu miezi tisa ili akazikwe kwao. Na msafara mwingine ulishindwa kumbeba mtoto aliye hai hata siku moja.

Nilimwomba mhusika wa makumbusho anisaidie kuhusu majina. Alinisikiliza kwa upole. Aliniambia jambo ambalo ningepaswa kulijua: vitabu vya misheni viliandika waliofika misheni. Aliyeachwa njiani hakuwa na kitabu.

Jioni tulitembea ufukweni. Kuna mnara mdogo unaoonyesha mahali ambapo Wajerumani waliwanyonga Waafrika waliowapinga. Mwezi Agosti 1888 Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilianza kutwaa mamlaka ya pwani na ushuru wake, na vita ikalipuka kutoka Pangani hadi miji mingine. Maelfu ya watu walikimbilia misheni ya Bagamoyo, na Padre Étienne Baur aliweza kuzungumza na pande zote mbili. Hermann von Wissmann aliletwa na jeshi kuizima vita hiyo, na Bushiri bin Salim akanyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Shuleni tulifundishwa kumwita Bushiri shujaa, na kweli alipigania nchi isitwaliwe. Lakini alikuwa pia na shamba la miwa Pangani, na waliolima humo walikuwa watumwa. Wajerumani nao waliwaambia watu wa Ulaya kwamba wanapigana kukomesha utumwa. Walitawala hadi Vita ya Kwanza ya Dunia bila kuufuta kabisa. Sheria ya kuukomesha Tanganyika ilikuja mwaka 1922, chini ya Waingereza. Nilitafuta mtu wa kusimama upande wake moja kwa moja katika habari hiyo yote, nikamwona mmoja tu: yule mrina asali. Hakuwa na bendera, wala fedha ya kulipa. Alimkuta mtoto, akambeba.

Tarehe 15 Agosti 1916, sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria, manowari za Waingereza ziliishambulia Bagamoyo na askari wakashuka pwani kuuteka mji. Majuma machache kabla, mwishoni mwa Julai, majeshi yao mengine yalikuwa yameshaingia Dodoma na Kilimatinde. Vita iliyofika kwa meli pwani, kwetu ilifika kwa kuchukua ng'ombe, nafaka na wanaume wa kubeba mizigo. Pande zote mbili zilifanya hivyo. Jina la Kariakoo kule Dar es Salaam ni kumbukumbu ya kikosi cha wapagazi wa Waingereza, na wapagazi waliokufa katika vita hiyo wanakadiriwa kufikia karibu laki moja. Mvua zilipokosekana, Ugogo iliingia katika njaa ya miaka 1917 hadi 1920 ambayo wazee wanaiita Mtunya. Hiyo ndiyo njaa aliyoponea mama yake Bibi. Kwa hiyo bahari ile iliifikia familia yetu mara mbili, na sisi tulikuwa hatujawahi kuiona.

Ndugu zangu waseminari na waamini wenzangu wa Singida, kilichonirudisha nyumbani na uzito moyoni si minyororo. Ni hili: Bagamoyo wanahifadhi upande wao wa njia. Kuna makaburi yaliyosafishwa, vibao, makumbusho, watu wa kueleza. Upande wetu wa njia umehifadhiwa kama tusi. Mtu akitaka kumshusha mwenzake kikaoni, anamwambia ni wa kuokotwa, na wote wanajua maana yake. Sisi tunaohubiri Msamaria Mwema kila mara tumegeuza aliyepigwa na wanyang'anyi kuwa mtu wa kuonewa aibu, na hatumtaji kabisa aliyemwokota. Sisemi tuchimbe siri za familia za watu. Kila nyumba ina haki ya kunyamaza. Lakini kunyamaza kwa heshima na kunyamaza kwa aibu ni vitu viwili, na mimi nimekulia katika hicho cha pili.

Tena imani yetu yenyewe ilipita katika njia hiyo. Mwaka 1878 msafara wa kwanza wa Wamisionari wa Afrika, tuliozoea kuwaita White Fathers, ulitoka Bagamoyo ukapita Ugogo kuelekea Tabora. Ndani yake alikuwamo Padre Siméon Lourdel, Mapeera, aliyefika Uganda Februari 1879 na kuwafundisha wengi wa wale tunaowaadhimisha kila tarehe 3 Juni. Padre Pascal alifia njiani, hakufika. Yeye jina lake liliandikwa, na ni vema. Inawezekana vichaka vile vile viliwaona wote, padre aliyekwenda kwa hiari na mtoto aliyebebwa bila hiari.

Niliporudi nilikwenda moja kwa moja kwa Bibi. Nilimwambia ukweli: sikuliona jina, na sababu ni kwamba hakufika. Nilidhani atasikitika. Aliuliza tu, “Bahari yenyewe umeiona?” Nikasema nimeiona. “Ikoje?” Nikamweleza kuhusu maji kupwa na kujaa, na majahazi kulala ubavu. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, “Basi ni heri aliachwa huku.”

Sikuwa na la kujibu. Bado sijui kama ni heri. Namjua Mungu anayeweza kutoa uhai mahali watu walipoacha kifo. Sitaki kumfanya Yeye ndiye aliyepanga miguu ya mtoto ivimbe.

Mwezi Novemba, kama ilivyo katika parokia zetu, tulipewa bahasha za kuwaombea marehemu. Mimi ndiye huwa namwandikia Bibi, kwa kuwa macho yake yamechoka. Alinitajia majina ya kila mwaka: mume wake, watoto wake wawili, mama yake, kaka zake. Nikadhani amemaliza, nikaanza kukunja karatasi.

“Ngoja, mume wangu. Mwandike na bibi yangu.”

“Nimwandike nani, Bibi?”

Lile jina alilopewa na waliomwokota tunalo. Alilopewa na mama yake hatuna. Bibi alifikiri kwa muda mrefu, akaniambia niandike lile tulilonalo, na mbele yake niache nafasi. Nikaacha. Katibu wa kigango alipopokea bahasha aliniuliza kwa nini mstari mmoja una pengo, kama nimesahau jina. Nikamwambia sikusahau. Akaipokea hivyo hivyo, akaiweka pamoja na nyingine mbele ya altare.